Njaa ya Usiku Huanzia Asubuhi

Watu wanaokula kwa huzuni, hasira au upweke huuliza swali lilelile: wafanyeje ili wajizuie usiku? Jibu langu linaanza mbali na usiku, kwenye mlo wa asubuhi. Kabla ya kuuliza ni kitu gani kinauumiza moyo wako, hakikisha umekula. Mtu aliyeshinda na chai na andazi moja hadi alasiri, au aliyefunga kinywa kwa sababu Jumatatu ameanza dayati, hawezi kujua saa tatu usiku kama anachokitafuta jikoni ni faraja au ni chakula. Vyote viwili vimeshachanganyika ndani yake.

Chukua siku ya karani wa Dar es Salaam anayefanya kazi Posta na kuishi Chanika. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila hamu ya kula. Saa nne anapata chai ya maziwa na vitumbua viwili. Mchana kuna kazi inayotakiwa haraka, au pesa ya mamalishe ameitenga kwa nauli, basi anapitisha kwa soda. Jioni anasimama kwenye daladala kwenye foleni ndefu. Anafika nyumbani giza limeshaingia, anamkuta mtoto ana homa, mwenye nyumba ametuma ujumbe wa kodi, na ndugu kijijini anapiga simu kuomba msaada. Mambo yote hayo yanamwangukia saa ambayo mwili wake ni mtupu kuliko saa nyingine yoyote. Anakula wali akiwa amesimama, kutoka sufuriani, kisha mkate, kisha biskuti za mtoto. Akimaliza anajilaumu, na kabla ya kulala anaapa kwamba kesho hatatia kitu kinywani hadi jioni. Kiapo hicho ndicho kinachoandaa usiku wa kesho. Mzunguko huu una vipande vingi, lakini kipande kinachokatika kwa urahisi ni hicho cha kiapo.

Kwamba njaa yenyewe humbadilisha mtu ni jambo lililoonekana waziwazi Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapokea wanaume vijana 36 waliojitolea kwa utafiti. Walikuwa watu waliokataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri zao, na walichaguliwa kwa sababu ya uzima wao wa mwili na akili. Walianza Novemba 1944 kwa kula kawaida huku wakichunguzwa. Kisha, mwaka 1945, kwa wiki 24 walipewa takriban nusu ya chakula walichozoea: viazi, mkate, makaroni, mboga za mizizi. Vijana ambao kabla ya hapo hawakuwa na shida yoyote na chakula wakaanza kukiota. Walikusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma, walilamba sahani, wakawa wakali na wenye majonzi. Chakula kiliporudishwa, wapo waliokula hadi wakaugua na bado wakasema hawajashiba. Naikumbuka habari hii kila ninapomsikia mtu akijiita mlafi. Wale vijana hawakuwa walafi. Waliwekewa njaa, na njaa ikawaletea hata huzuni.

Kuna jaribio jingine, dogo zaidi, lililochapishwa mwaka 1975 na watafiti Herman na Mack. Waliwapa baadhi ya wanafunzi wa kike wa chuo kikuu milksheki, kisha wakawawekea aiskrimu waonje kadiri wapendavyo. Wanafunzi wasio na desturi ya kujinyima, walipokuwa wameshakunywa milksheki, walikula aiskrimu kidogo, kama ilivyo kwa mtu aliyetangulia kutia kitu tumboni. Wale waliokuwa wakijinyima ili wasinenepe walifanya kinyume. Waliokunywa milksheki ndio waliokula aiskrimu zaidi. Msomaji aliyewahi kusema moyoni, "nimeshaharibu leo, acha nimalize tu," anajua kilichotokea kwa wale wasichana. Sheria ngumu ikivunjwa kidogo, hakuna kinachobaki cha kumshika mtu.

Kwa hiyo katika wiki mbili za kwanza nakuomba kazi moja tu. Kula mara tatu kwa siku, na ongeza kitu kidogo kati ya mchana na usiku, hata kama jana ulikula kupita kiasi. Hasa kama jana ulikula kupita kiasi.

Si lazima kiwe chakula cha gharama. Uji wa ulezi wenye karanga za kusaga, au kiporo cha maharage na muhogo wa kuchemsha, vitakukaa tumboni kuliko maandazi matatu, kwa sababu protini, mafuta na nyuzinyuzi huchelewa kuondoka tumboni. Mchana kwa mamalishe omba maharage na mchicha viwe vingi. Kama unapenda wali, kula wali. Jioni kabla ya kupanda daladala, nunua kitu. Kuna kijana wa mayai ya kuchemsha na kachumbari, kuna karanga za kwenye karatasi, kuna ndizi mbivu. Jambo hili la jioni nalisisitiza kuliko yote. Wanaoogopa unene huona kula saa kumi na moja jioni ni kujiongezea mzigo, kumbe ndicho kinachowaepusha na sufuria la usiku. Ukifika nyumbani una mayai mawili tumboni, ujumbe wa mwenye nyumba utauma vilevile, lakini utausoma na kuufikiria kwa kichwa cha mtu aliyekula. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge apange saa za milo pamoja na mhudumu wake wa afya.

Kuhusu Ramadhani, ambapo mlo wa mchana haupo, nitasema machache. Swaumu ina nia yake na ina mwisho unaojulikana, jua likizama. Kwa mtu mwenye tabia ya kula kwa huzuni au hasira, daku lisirukwe, na futari ianze kwa tende, maji na uji, kisha swala ya magharibi, ndipo akae kwenye mlo wenyewe. Mwenye tatizo kubwa, kwa mfano anayekula na kujitapisha, azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama. Dini yenyewe imemwekea mgonjwa nafasi.

Kuna wanaokula vizuri mchana na bado mkono hauachi chakula usiku, nami nadhani kwa wengi wetu sababu iko nyuma sana. Aliyesoma shule ya bweni anajua jinsi foleni ya ugali na maharage ilivyokuwa, na kwamba aliyekula polepole hakupata ukoko. Aliyekulia katika nyumba ya watoto wanane kwenye sinia moja alijifunza kutafuna haraka na kuitazama nyama kwa jicho la pembeni. Somo hilo lilikuwa sahihi wakati ule, maana lilimshibisha mtoto. Leo mtu huyohuyo ana jokofu lake, lakini bado anakula kama kuna mkono mwingine unaokuja. Na wapo ambao uhaba haujawa historia. Tarehe 25 mshahara unaingia, nyumba inajaa nyama, soda na keki. Tarehe 15 inayofuata ni ugali na dagaa, na pengine mlo mmoja. Mwili usio na uhakika wa kesho hula leo kwa pupa. Ukiwa katika hali hiyo, ushauri wa kupunguza sahani hautakufaa. Kitakachokufaa ni kuusambaza mwezi: siku ya mshahara nunua kwanza mchele, unga, maharage, mafuta, karanga na dagaa vya mwezi mzima, na starehe ya nyama igawanywe Jumapili nne badala ya kumalizwa siku tatu. Mtu anayejua kwamba Jumapili ijayo kuna kuku hana sababu ya kula kuku wa leo wote.

Ukishatulia katika milo, utaanza kuona tofauti ambayo awali haikuonekana. Njaa ya tumbo huja taratibu, hukubali chochote kilichopo, na huondoka mtu anaposhiba. Hamu inayotoka kwenye moyo uliochafuka huja ghafla, mara nyingi hutaka kitu kimoja tu, chipsi au chokoleti au mkate wenye siagi, na haina mahali pa kukoma kwa sababu haikuanzia tumboni. Jiulize: je, ugali wa mchana na mchicha uliobaki ningeula? Ukisema ndiyo, una njaa, kaa ule. Ukisema hapana, nataka chipsi tu, kuna jambo jingine. Sipendi watu walifanye swali hili kuwa askari wa kujizuia. Linakusaidia kujua uko wapi, na hata ukishajua, una ruhusa ya kula.

Andika. Daftari la shule la kurasa chache linatosha. Usiandike kalori, wala uzito, wala ulichokula. Andika mstari mmoja wa kilichotokea kabla ya kula: nani alisema nini, ulikuwa wapi, ulikuwa umelala saa ngapi. Baada ya siku kumi na kitu utaona jambo linalojirudia, na mara nyingi halitakuwa lile ulilolidhania. Mtu hufikiri anakula kwa sababu ya ndoa yake, kumbe mistari mingi ni ya Jumapili jioni, akiifikiria ofisi. Mwingine anadhani ni uvivu, kumbe kila mara ni baada ya kuongea na mama yake mgonjwa.

Hapo ndipo kila hisia inahitaji jibu lake, na majibu hayafanani. Upweke unataka sauti ya mtu. Mpigie dada yako, usimtumie ujumbe. Hasira inataka mwili uende: fagia uwanja, fua, zunguka mtaa mara moja. Wasiwasi wa fedha unapungua kidogo madeni yakiandikwa kwenye karatasi kwa tarakimu, hata kabla hujapata pa kuyalipia, kwa kuwa deni lililo kichwani huwa kubwa kuliko lililo kwenye karatasi. Msiba ni tofauti. Aliyefiwa na mume au mtoto hapaswi kupewa mbinu. Anahitaji kulia, na watu wa kukaa naye hata baada ya arobaini, majirani waliokuja na vyungu wakati wa matanga wanapokuwa wamerudi makwao. Ukimjua mtu wa namna hiyo, nenda ukale naye mlo wa jioni. Mara nyingi anakula vibaya kwa sababu meza yake imebaki na kiti kitupu.

Mwili nao una mchango wake. Mshtuko wa ghafla hukata hamu ya kula, lakini msongo wa mawazo wa wiki na miezi hufanya kazi nyingine: homoni ya kotisoli hubaki juu, na kwa watu wengi hamu ya vitu vitamu na vyenye mafuta huongezeka. Chakula hicho kweli hutuliza kwa muda. Ndiyo maana nakataa kusikia kwamba ni ujinga. Umepata kitu kinachosaidia kwa dakika chache, na mwili umekikumbuka. Usingizi ni sehemu ya jambo hilihilo, na ni sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo ya wanaume vijana 12 wenye afya waliolala kwa muda wa saa nne tu kila usiku kwa siku mbili. Leptini, homoni inayoupa ubongo habari ya shibe, ilishuka kwa asilimia 18, na ghrelini, inayochochea njaa, ikapanda kwa asilimia 28, ukilinganisha na walipolala muda mrefu. Siku mbili tu. Mama wa mtoto mchanga, mlinzi wa usiku na muuguzi wa zamu wasijipime kwa kipimo cha mtu anayelala kwa muda wa saa nane. Kama daftari lako linaonyesha usiku mbaya baada ya kila usiku mfupi, ushughulikie usingizi kwanza na uache chakula kama kilivyo.

Na utakapotaka chipsi tu, na umeshapiga simu, na umeshazunguka mtaa, na bado unazitaka? Kula chipsi. Zitoe kwenye mfuko wa nailoni, ziweke kwenye sahani, kaa kitini, geuza simu kifudifudi. Tafuna. Habari ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika, na anayekula akitazama video hufika mwisho wa sahani bila kuipata. Wengi wakila hivi hugundua kwamba nusu ya kwanza ilikuwa tamu na nusu ya pili ilikuwa mazoea. Wengine watamaliza zote, na hiyo pia ni sawa, kwa sababu wamekula sahani ya chipsi wakijua, mbele ya watu wa nyumbani, bila kujificha chooni wala kuficha karatasi chini ya kitanda. Kujificha ndiko kunakoumiza zaidi. Nimejizuia kwa makusudi kuorodhesha vyakula vibaya katika makala hii, maana msomaji wa aina hii anayo orodha hiyo tayari na inamtesa.

Asubuhi baada ya usiku mbaya ina kanuni moja: kunywa chai na kula kama siku nyingine. Usiruke, usipunguze, usifunge swaumu ya adhabu, usikimbie kilomita kumi kujilipiza.

Nje ya nyumba kuna maneno ya watu, nayo yana nguvu. Miaka ambayo UKIMWI haukuwa na dawa za kupunguza makali, kukonda tu kulitosha mtu anong'onwe. Unene ukawa ushahidi wa uzima, na bibi harusi akinenepa, mumewe husifiwa. Leo shangazi yuleyule anaweza kukusifu kwa kunenepa mbele ya wageni na kukuonya kuhusu presha jikoni. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, kwa hiyo wengi husikia kliniki neno "punguza" bila kuambiwa njia, kisha hurudi nyumbani na kiapo cha kutokula. Kama mhudumu wa afya anasoma hapa: muulize mgonjwa anakula saa ngapi kabla ya kumwambia aache nini.

Kwa shangazi jibu liwe la heshima na fupi. "Umenenepa mwanangu!" Jibu, "Shikamoo shangazi, nashukuru Mungu mzima, habari za huko?" na mazungumzo yahame. Anapokusukumia pilau mara ya tatu, sema, "Ahsante shangazi, tamu kweli, nifungie nitakula kesho." Hajakataliwa, na wewe hukulazimika. Kwa mume, mke au rafiki wa karibu maneno mafupi hayatoshi, kaa naye siku ya utulivu umwambie, "Naomba usiseme chochote kuhusu sahani yangu, kizuri wala kibaya." Hata sifa ya "leo umejitahidi kula kidogo" inamrudisha mtu kwenye kuhesabu.

Na watoto wanatutazama. Anayelia akapewa biskuti anyamaze, akianguka akapewa pipi, akishinda mtihani akanunuliwa soda, anajifunza mapema kwamba kila jambo la moyo jibu lake liko kinywani. Mbembeleze kwanza, biskuti aipate wakati wa biskuti, bila sababu. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, amegawa kazi kwa namna ninayoiona ya busara sana: mzazi aamue kuliwe nini, saa ngapi na wapi, mtoto aamue ale kiasi gani na kama atakula. Sisi tuliolelewa kwa "maliza sahani" tunaona vigumu. Mpakulie kidogo, aongezwe akiomba, na kilichobaki sahanini kisiwe kesi.

Mwisho, wapo ambao makala hii haitawatosha. Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameuorodhesha rasmi ugonjwa wa kula kwa kufululiza: mtu anakula kingi mno kwa muda mfupi, anahisi hawezi kuacha, anakula peke yake kwa aibu, anajichukia baadaye, na hali hii inatokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Ni ugonjwa unaotibika, hasa kwa mazungumzo ya tiba, wakati mwingine na dawa. Anayejitapisha au kunywa dawa za kuharisha ili atoe alichokula asisubiri miezi, kwa sababu chumvi za mwili zikivurugika moyo unaweza kusimama. Asisubiri pia anayefikiria kujidhuru. Aende leo, na mtu amsindikize. Anza hospitali ya wilaya na uombe kitengo cha afya ya akili. Kwa walio Dar es Salaam, Muhimbili ina idara hiyo. Taja kila dawa unayotumia, maana prednisolone, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na sindano ya uzazi wa mpango zinaweza kuongeza hamu ya kula au uzito, ila usiache hata moja bila kuelekezwa. Ukishindwa kusema kwa mdomo, andika kwenye karatasi ni mara ngapi kwa wiki, unakula nini, na unafanya nini baada ya hapo, umpe daktari asome mwenyewe.